Mishumaa ya Mchele

Ukuta wa ghala ulikuwa wa udongo mwekundu, haujaonja rangi tangu ujengwe, na ungekaa hivyo hivyo kama Mjomba Muhidini asingerudi kutoka Mombasa na mazoea ya kuchora ukutani kama mtoto aliyekosa wa kumchapa.

"Leo mweusi tena," alisema, akasogea nyuma ili auone vizuri.

Mwamvua alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Aliitazama ile safu ya vichoro vya mkaa, kila siku ya soko na chake, ikiteremka kutoka karibu na paa upande wa kushoto hadi usawa wa magoti upande wa kulia. Chini yake magunia ya mchele yalikuwa yamepangana kimya, yakijaza ghala kama wageni waliokuja msibani wakakataa kuondoka.

"Mjomba, ukifika sakafuni utafanyaje?"

"Nitachimba, mwanangu. Mwaka huu nani asiyechimba? Nusu ya vijana wa hapa wako Geita wanachimba."

Mwamvua hakucheka. Zamani alikuwa mchekaji mkubwa, mwanamke wa kumtania hata anayemdai, lakini tangu mchele uanze kushuka bei kicheko kilikuwa kinamjia kifuani kinaishia kooni.

Muhidini alikuwa amefanya kazi miaka mingi Mombasa, karani wa pamba katika ghala la wanunuzi wa Kijapani. Bwana mkubwa wake, mtu mfupi asiyependa maneno, kila jioni alikuwa akichora bei ya siku ile kwenye karatasi ndefu. Kwao, alimwambia Muhidini, mambo hayo yalianzia kwenye mchele, zamani sana. Basi Muhidini aliporudi Shinyanga na kumkuta mtoto wa dada yake ni mfanyabiashara wa mchele, aliona Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga safari.

"Sikiliza," alikuwa amemwambia siku ya kwanza, mkaa mkononi. "Unachukua bei ya kwanza ya asubuhi na bei ya mwisho watu wanapotawanyika. Kati ya hizo mbili unachora kiwiliwili. Bei ikilala chini ya pale ilipoamkia, kiwiliwili unakipaka mkaa. Ikilala juu, unakipaka chokaa. Halafu unajiuliza, katikati ya siku bei ilipanda mpaka wapi kabla ya kurudi? Hapo unaweka utambi wa juu. Ilizama mpaka wapi? Utambi wa chini. Soko zima, na kelele zake na matusi yake, limekuwa mshumaa mmoja."

"Na huo mshumaa unasema nini?"

"Mmoja hausemi kitu. Ni kama shahidi aliyekuja peke yake. Unangoja wawe wawili watatu, kisha unasikiliza wanavyobishana. Soko linapotaka kugeuka, mishumaa hujua kabla ya watu."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlaza Mwamvua na kumwamsha. Maana alihitaji soko ligeuke kuliko alivyohitaji chakula.

Mumewe alikuwa amefariki kabla ya mavuno. Mwamvua akaingia eda, na akiwa nyuma ya pazia akanunua mchele kwa mkono wa mjomba wake, shilingi tatu kwa debe, kwa sababu wakati ule makambi ya dhahabu ya Geita yalikuwa yakimeza mchele kama moto unavyomeza nyasi. Kisha kambi moja kubwa ikaingiwa na maji mashimoni, watu wakarudishwa makwao, na bei ikaanza kuteremka. Eda ilipokwisha, Abdu, mdogo wa marehemu, alikaa na wazee kwenye baraza la Mzee Akida, akazungumza kwa sauti tamu. Duka na ghala ni la familia, alisema. Shemeji aliendeshe mpaka mvua itakapofunga njia ya Masumbwe, ambako malori ya Geita hupitia. Kama mtaji utakuwa mzima, duka ni lake yeye na mwanawe Tabu, hatalisogelea tena. Kama mtaji utakuwa umekufa, basi shemeji aingie nyumbani kwake kama mke wa tatu, naye alichukue duka alitunze.

Wazee wakasema ni haki. Na Mwamvua, aliyekuwa na mchele ghalani na kiburi kichwani, akasema amekubali.

Sasa ilikuwa Oktoba, na kila aliyetoka nje asubuhi alitazama mbinguni kwanza.

*

Mshumaa uliomrusha Muhidini ulipatikana siku ya soko iliyofuata. Aliingia dukani anahema, kofia imekaa upande, akampita Mwamvua bila salamu akaenda moja kwa moja ukutani.

"Nyundo!" alisema. "Mwamvua, njoo uone nyundo!"

Alichora kiwiliwili chembamba kama mstari juu, na chini yake utambi mrefu, mrefu kweli.

"Asubuhi bei imefunguka mbili na senti themanini. Katikati ikaanguka mpaka mbili na thumuni, nikasema basi, leo tumekwisha. Mara pale pale ikanyanyuka! Watu wanatawanyika, bei ni mbili na themanini, vile vile ilivyoanza. Unajua maana yake? Wauzaji wamelipiga soko chini kwa nguvu zao zote, na soko limekataa kukaa chini. Nyundo imegonga mwamba. Mombasa nilimwona yule Mjapani akiona hii tu anaagiza pamba bila kumaliza chai yake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatuuzi. Tena tunanunua. Ile akiba yako ya kwenye sanduku tuiingize soko lijalo, kabla bei haijatukimbia. Tutafidia tulichopoteza."

Akiba ya kwenye sanduku ndiyo iliyokuwa pumzi ya mwisho ya duka. Mwamvua alifungua mdomo, na kabla hajasema, kivuli kikaingia mlangoni, kirefu, kimevaa kanzu iliyopigwa pasi.

"Hodi wenyewe. Shemeji, hujambo? Mjomba, shikamoo. Naona bado unapamba ukuta."

"Marahaba," alisema Muhidini. "Huu si urembo, Abdu. Hii ni elimu."

"Inatisha kidogo. Mishumaa mingi hivi nimeiona kanisani tu." Abdu alicheka, akaketi juu ya gunia bila kukaribishwa. "Shemeji, sikuja kwa ubaya. Karani wa kambi ya dhahabu, yule Stanslaus, anakuja na lori juma lijalo. Nimesema naye. Yuko tayari kuchukua mzigo wote kwa mkupuo. Bei si nzuri, lakini mchele hauozi mikononi mwako. Halafu upumzike. Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa. Madirisha mawili."

"Mawili?" alisema Mwamvua. "Moja la kutazama wake zako, la pili la kukimbilia?"

Abdu alicheka kwa moyo mkunjufu kabisa, akaaga. Huyo ndiye mtu mgumu kupigana naye. Mkali unamjibu kwa ukali, lakini huyu unamtukana anakushukuru.

Alipoondoka, Mwamvua alilishika sanduku. Akalifungua, akalifunga.

"Mjomba, soko lijalo nitakwenda mwenyewe."

"Kwa nini? Bei nakuletea."

"Nimekaa nyuma ya pazia, nikakaa nyuma ya meza. Tangu mume wangu afe sijaona debe la mtu likipimwa. Kama naitoa hii akiba, nataka niitoe macho yakiwa wazi."

*

Wanawake wa mchele walikaa safu moja upande wa mashariki wa soko, wa kijiji kimoja pamoja, migongo yao ikitazama jua. Mbele ya kila mmoja gunia limefunguliwa mdomo, kando yake debe la mafuta ya taa lililokatwa kifuniko. Muhidini alikuwa na kiti chake cha kawaida kwenye baraza la mshona nguo, ng'ambo ya njia, mahali penye kivuli, kahawa na kelele zote za soko. Kutoka pale mtu alisikia kila bei iliyotajwa.

Mwamvua hakukaa barazani. Aliingia safuni.

"Mwangaluka, Mama Limi," alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Mama Tabu! Tulidhani umezikwa pamoja na mumeo." Paskalina, mama yake Limi, alikuwa Msukuma mnene wa mikono, aliyekuwa akimuuzia marehemu mchele kila mwaka. "Umekonda. Au ni hilo buibui linatudanganya?"

"Ni mchele wako ulionikondesha. Unauzaje?"

"Mbili na themanini."

"Jirani yako?"

"Mbili na themanini. Safu nzima mbili na themanini. Yule pale wa mwisho soko lililopita alitaja mbili na thumuni, tulimvua kilemba." Paskalina alitema mate pembeni, kwa staha. "Mtu wa kutaja chini ya wenzake anaharibu soko. Alilia, akaomba radhi, akarudi kwenye bei ya wenzake."

Mwamvua aligeuka akamtazama yule wa mwisho. Hilo ndilo anguko na ndiko kunyanyuka kulikomfanya mjomba wake aache kahawa. Ulikuwa ugomvi wa wanawake.

Mteja akaja, mpishi wa Mhindi mmoja. "Mama, debe shilingi ngapi?" Mbili na themanini. Akageuka kuondoka. Paskalina hakumwita kwa bei nyingine. Alichota mchele kwa mikono miwili, akamwaga juu ya debe lililokwisha jaa. Akachota tena. Mchele ukapanda, ukawa na kilele kama kichuguu, mpaka punje zikaanza kuporomoka pembeni. Mpishi akarudi, akatoa fedha.

Mwamvua akatazama safu nzima. Kila debe lilikuwa na kichuguu. Si kile kidogo cha heshima kinachotolewa kila mwaka, cha kumwambia mteja asante. Vilikuwa vilima.

"Mama Limi. Hicho ulichomwongezea, kipime nione."

"Unanichunguza?"

"Nakununulia. Kipime."

Paskalina alicheka, akakipima kwa kibaba. Vikatoka vibaba vitatu, na punje za kumlisha kuku.

"Na zamani mlikuwa mnatoa vingapi?"

"Nusu kibaba. Kimoja kama ni mtu mzuri." Paskalina aliinama, akasema kwa sauti ya chini kidogo. "Mdomo haushushi bei, mayu. Mdomo unasikiwa na wenzako. Mkono ndio unaoshusha. Mtu ana gunia nyumbani, mvua inakuja, afanyeje?"

Kila mtu aliyekulia Shinyanga anakijua kichuguu cha debe. Mwamvua alikijua tangu anatumwa sokoni na mama yake. Lakini hakuna aliyewahi kufikiri kukitia kwenye mshumaa, maana mishumaa ilichorwa na mtu mwenye masikio ya Mombasa, ambako pamba hupimwa kwa mizani na bei ni neno linalotoka mdomoni.

Alivuka njia. Muhidini alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea akiba.

"Mjomba, inuka."

"Nimesikia mbili na themanini, haijatetereka! Nyundo imeshika!"

"Inuka nikuonyeshe nyundo yako ilipo."

Alimshika mkono, akamvusha mbele ya watu, mzee wa watu na kofia yake, akamsimamisha kando ya debe la Paskalina. Muhidini alitazama kile kilima cha mchele. Alitazama debe la pili, na la tatu. Uso ulimshuka polepole.

"Sijawahi kufika huku," alisema hatimaye. "Jua lilikuwa linanichoma."

Mwamvua alirudi nyumbani na akiba yake yote kwenye pindo la kanga, ameishika kwa mikono miwili, maana alikuwa amekaribia kuitupa mwenyewe.

Jioni ile walichora upya. Mwamvua alitaja kichuguu, Muhidini akakikata kwenye bei. Ile nyundo ikatoweka, mahali pake pakawa na mshumaa mweusi mnene. Soko lilikuwa halijagonga mwamba wowote. Lilikuwa linaendelea kuzama, taratibu, kwa adabu.

"Basi tuuze," alisema Muhidini, sauti imekwisha. "Tupate tunachopata."

"Kwa bei ya sasa mtaji umekufa. Unajua ninakwenda wapi mtaji ukifa."

"Najua. Madirisha mawili."

Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi Mwamvua alicheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya, na mjomba wake akageuza uso.

*

Siku aliyokuja Stanslaus, mawingu yalikuwa yameketi upande wa magharibi tangu alfajiri, mazito, ya rangi ya chungu. Lori liliegeshwa mbele ya duka. Barazani walikaa watatu: Abdu katika kanzu yake, Mzee Akida na bakora yake, na Stanslaus mwenyewe, karani wa chakula wa kambi, kijana wa misheni mwenye kofia ya jua na haraka ya kiserikali.

"Mama, mimi ni mtu wa maneno machache," alisema Stanslaus, akaongea maneno mengi. Hii ndiyo safari yake ya mwisho. Dereva amesikia mbuga ikinuka mvua, ikishuka leo, lori halivuki tena mpaka msimu uishe. Atachukua mzigo wote. Shilingi mbili na robo kwa debe. "Na hapo nakuhurumia. Hapo sokoni napata mbili na sitini, na kichuguu juu. Ukitoa kichuguu ni bei hiyo hiyo."

Kumbe naye alikijua. Mwamvua akamwona kwa jicho jipya.

"Shemeji," alisema Abdu kwa upole, "hata nusu ya mtaji ni kitu. Kubali, mambo yaishe kwa heri."

"Nipeni muda niende sokoni."

"Sokoni kuna nini?" aliuliza Stanslaus. "Bei nimekwisha kukuambia."

"Mwacheni aende," alisema Mzee Akida. "Mahakamani hata mwizi hupewa maji."

Alikwenda na Muhidini nyuma yake. Soko lilikuwa na watu wachache, wengi wamebaki mashambani kungojea mvua. Bei ilikuwa ni ile ile, safu nzima, mbili na sitini. Mwamvua alikwisha pita pale mapema asubuhi, kabla lori halijafika, akaona vichuguu vikubwa kuliko vya siku zote, mpaka machozi yakamlenga. Sasa alisimama mbele ya Paskalina na hakusalimu. Alitazama mikono tu.

Mteja alikuwa anainama juu ya debe. Paskalina alimimina mchele mpaka ukajaa. Mteja akangoja. Na Paskalina akanyoosha mkono wake mnene, akaupitisha juu ya mdomo wa debe kutoka ukingo hadi ukingo, punje zote zilizozidi zikarudi guniani. Debe likabaki bapa kama meza.

"We mama!" alisema mteja. "Kichuguu changu kiko wapi?"

"Nenda kwa mwingine."

Mteja akaenda kwa wa pili. Wa pili akakata debe kwa kijiti. Akaenda kwa wa tatu. Wa tatu alisita, akatazama wenzake, akapitisha mkono. Mteja akarudi kwa Paskalina akinung'unika, akalipa mbili na sitini zile zile.

Mwamvua alichuchumaa. "Mama Limi, asubuhi ulikuwa unamwaga. Nimekuona."

"Asubuhi nilikuwa mjinga." Paskalina alifunua gunia lake, mchele ulikuwa chini ya nusu. "Wenzetu wa kijiji cha pili wamefika sasa hivi, mikono mitupu. Ghala zao zimefika chini. Nikafikiri ya kwangu: nimebakiwa na la kula na la mbegu. Hili hapa ndilo la mwisho la kuuza. Nimpe nani kichuguu?"

Muhidini alikuwa amesimama nyuma, na Mwamvua alisikia pumzi yake ikibadilika.

"Mshumaa wa soko lililopita ulikuwa mweusi," alisema mzee. "Wa leo umeamkia chini ya ule kwa ajili ya vichuguu, na sasa unapanda kupita ulipoanzia ule. Mweupe umeumeza mweusi mzima. Mwamvua, hiyo ndiyo. Hiyo siyo ya masikio. Hiyo ni yenyewe."

"Una hakika?"

Mzee alilitazama debe tena. Angeweza kusema ndiyo, na siku ile ya nyundo alisema ndiyo.

"Kanuni ni kungoja mshumaa wa soko lijalo uthibitishe," alisema. "Bila huo, hata Mjapani hagusi sarafu."

"Soko lijalo lori halipo."

"Najua, mwanangu."

Upepo ulipita sokoni, ukainua vumbi na harufu ya mvua ya mahali pengine. Wanawake wawili wakaanza kufunga magunia yao. Mwamvua alibaki amechuchumaa, anatazama lile debe bapa. Akikosea, jioni hii mchele wake utakuwa umefungiwa Shinyanga na yeye atakuwa amefungiwa uani kwa Abdu. Akiuza kwa mbili na robo, mlango ni ule ule, tofauti ni kwamba ataufikia mapema. Alisimama, akakung'uta vumbi la buibui.

Barazani aliwakuta walivyokuwa.

"Siuzi," alisema.

Stanslaus alivua kofia, akaipangusa, akaivaa. "Mama, hukunisikia. Ni safari ya mwisho."

"Nimekusikia. Siuzi kwa mbili na robo. Sokoni kuna mchele, kajaze lori lako."

"Nitalijaza! Unadhani nimekuja kubembeleza?" Akaruka kwenye lori, likaondoka kuelekea sokoni likitoa moshi mweusi.

Abdu hakucheka safari hii. Alimgeukia Mzee Akida. "Umesikia mwenyewe. Sikumlazimisha mtu."

"Nimesikia," alisema mzee.

Tone la kwanza lilianguka kwenye vumbi mbele ya baraza, kubwa, likaacha alama kama sarafu. Wote wanne walilitazama. Halafu jingine. Mwamvua aliingia ndani, akaketi juu ya magunia yake kiza kikiwa kimeanza kuingia mchana mchana. Muhidini alisimama karibu naye, akishika kipande cha chokaa asichokitumia. Nje matone yalianguka moja moja, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi na kusikilizia.

Kisha wakasikia injini.

Stanslaus aliingia amelowa mabega. "Wamefanya nini wale wanawake?"

"Nani?"

"Gunia langu linajaa kwa madebe matano. Miezi mitatu sasa, matano. Leo nimemimina matano halijafika shingoni. Sita ndiyo limejaa. Na nimepata magunia manne tu soko zima, wengine wanafunga wanaondoka, wananiambia wamemaliza. Kesho, nauliza? Kesho nini, wananijibu, tunakwenda kulima." Alikaa juu ya gunia, akagundua amekalia alichokuja kutafuta, akasimama. "Kambini kuna watu, mama. Watu wanaoshuka shimoni. Nikirudi na magunia manne watanipika mimi."

"Pole, baba."

"Haya. Mbili na sitini. Bei ya soko."

"Tatu na senti kumi kwa uzito wa debe bapa, na tupime kwa mizani."

"Asubuhi ulikuwa unaniuzia kwa mbili na robo!"

"Asubuhi wewe ndiye uliyekuwa unanunua kwa mbili na robo. Mimi nilikuwa napepeta tu."

Dereva alipiga honi nje, ndefu, ya mtu anayetazama mawingu. Stanslaus alimtazama Mwamvua, akatazama paa ambako matone yalikuwa yameanza kushikana. Alitaja tatu kasoro senti kumi. Mwamvua akakaa kimya. Alitaja tatu. Mwamvua alitaka sana kusema ndiyo, ulimi ulikuwa umeshalishika neno, lakini alikumbuka mkono wa Paskalina ulivyopita juu ya debe bila kutetemeka, akafumba mdomo.

"Tatu na kumi," alisema Stanslaus. "Na mchele upakiwe sasa hivi, njia isinifungie hapa."

Mizani ilitolewa. Walipokuwa wanapima gunia la kwanza, Mzee Akida aliingia na bakora yake, akasimama mlangoni pamoja na Abdu, wote wakikwepa mvua.

"Mwamvua," alisema mzee. "Mbele ya mashahidi. Ulinunua kwa tatu?"

"Kwa tatu, babu."

"Unauza?"

"Tatu na kumi."

Mzee alimgeukia Abdu, akangoja. Abdu alitazama mizani, akatazama karani anavyoandika, akatazama mikono yake mwenyewe. Mvua ilikuwa inakusanya nguvu juu ya bati.

"Mtaji mzima," alisema hatimaye. Tumpe haki yake, alilisema kwa sauti ya kusikika.

"Basi shauri limekwisha," alisema Mzee Akida. "La duka na la nyumba."

Mwamvua hakupata nafasi ya kushangilia wala kulia. Dereva alikuwa anapiga honi mfululizo, wapagazi wawili wa Stanslaus walikuwa wanateleza kwenye matope mapya, na ghala lilikuwa bado limejaa. Muhidini alilishika gunia, likamshinda, akakaa chini akicheka na kukohoa.

Mwamvua alijifunga kanga kiunoni, akashika pembe mbili za gunia lililofuata, akainua macho.

"Shemeji," alisema, "shika upande ule. Hili zito, na kanzu hufuliwa."

Abdu alisimama. Akamtazama mzee, kama anayeomba mtu amsaidie kukataa. Mzee Akida alikuwa anashughulika kufuta miwani yake. Basi Abdu akakunja mikono ya kanzu, akainama, akashika upande ule. Wakatoka wote wawili mvuani, yeye akitembea kinyumenyume, Mwamvua akimwelekeza pa kuweka mguu.